Kwa Nini Kanisa la Uingereza Linahitaji Kibali cha Mahakama Kubadili Viti

Karatasi huwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo mlangoni mwa kanisa, mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Inaeleza kwamba kasisi na wazee wa kanisa wameomba ruhusa ya kuondoa mabenchi na kuweka viti, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi kwa msajili wa mahakama ndani ya siku 28. Muumini aliyehamia Uingereza kutoka Dodoma au Nakuru huisoma mara mbili. Nyumbani kwao halmashauri ya kanisa ilikaa Jumamosi, mchango ukapitishwa Jumapili, na fundi seremala akaanza kazi Jumatatu. Hapa kuna mahakama, kuna msajili, kuna pingamizi. Kufikia jioni, katika kundi la WhatsApp, habari imekwishageuka kuwa kanisa letu limeshtakiwa kwa sababu ya viti.

Hakuna aliyeshtakiwa. Karatasi ile ni hatua moja katika utaratibu wa kuomba kibali, na utaratibu huo, ingawa unatumia maneno ya mahakama, hauhusiani na kosa wala adhabu. Ninazungumzia hapa Kanisa la Uingereza, yaani Waanglikana wa England peke yake, kwa kuwa Wales na Scotland zina makanisa yao yanayojitegemea.

Tuanze na maneno. Kibali chenyewe kwa Kiingereza huitwa faculty, neno lilelile ambalo vyuoni tunaliita kitivo, ila hapa halina uhusiano wowote na chuo. Limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya uwezo au ruhusa. Hutolewa na mahakama ya dayosisi, ambayo jaji wake huitwa chansela. Huyu ni mwanasheria anayeteuliwa na askofu, lakini akishaketi kuamua hapokei maagizo ya askofu wala ya mtu mwingine yeyote. Chini yake yuko achidikoni, kasisi anayesimamia parokia nyingi za eneo moja kwa niaba ya askofu na ambaye anaweza kuruhusu mambo madogo. Pembeni ipo kamati ya ushauri ya dayosisi, ambamo huwamo wasanifu majengo, wanahistoria na makasisi. Kamati hiyo hushauri tu, haitoi kibali, na wengi huchanganya hapa: ushauri mzuri wa kamati hauruhusu mtu kushika msumeno.

Lugha yetu inalo neno linaloeleza kiini cha jambo hili vizuri zaidi kuliko Kiingereza chenyewe, nalo ni wakfu. Kanisa la parokia linapokamilika askofu huliweka wakfu, na jengo lililowekwa wakfu huwa chini ya mamlaka ya mahakama ya dayosisi, liwe na umri wa miaka 900 au lilijengwa juzi kwa matofali ya kiwandani. Aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja anajua nyumba ya wakfu ni kitu gani. Msimamizi wake hukusanya kodi na kutengeneza paa, lakini hawezi kuibomoa au kuiuza kwa utashi wake, kwa kuwa aliyeitoa aliitoa kwa ajili ya watu ambao wengine bado hawajazaliwa. Misingi ya kisheria ya mambo haya mawili ni tofauti, na sitaki kuifananisha kupita kiasi, lakini roho yake ni moja. Jengo la kanisa limeandikwa kwa jina la kasisi kwa sababu ya cheo chake, na vitu vyake vinavyohamishika, kama vikombe vya Ushirika Mtakatifu na viti visivyofungwa sakafuni, viko mikononi mwa wazee wa kanisa kwa niaba ya wanaparokia. Hakuna kati yao anayeweza kusema ni vyangu, nitafanya nipendavyo.

Neno wanaparokia nalo lina upana wake. Sheria haiwahesabu wanaohudhuria ibada peke yao. Kila anayeishi ndani ya mipaka ya parokia ana haki ya kusikilizwa juu ya ombi. Hata Mwislamu anayeishi jirani na kanisa, ambaye hajawahi kuvuka kizingiti chake, anaweza kumwandikia msajili kusema kwamba mabenchi yale ni sehemu ya historia ya mahali anapoishi, na barua yake itasomwa kwa uzito uleule.

Swali linalofuata ni kwa nini jambo hili liko kwa mahakama ya kanisa na si kwa halmashauri ya mji. Kanisa la Uingereza lina majengo ya ibada yapatayo 16,000, na zaidi ya 12,000 kati ya hayo yameorodheshwa kitaifa kuwa majengo yenye thamani ya pekee ya usanifu au historia. Kwa kawaida mwenye jengo lililoorodheshwa hawezi kuligusa bila ruhusa ya halmashauri ya mahali, kama vile mwenye nyumba Mji Mkongwe wa Zanzibar asivyoweza kung'oa mlango wa nakshi na kuweka wa chuma bila kupitia mamlaka ya hifadhi ya mji huo. Makanisa yanayotumika kwa ibada, hata hivyo, yaliachwa nje ya udhibiti huo tangu sheria ya mwaka 1913 ya kulinda majengo ya kale, kwa hoja kwamba kanisa lilikuwa tayari na mahakama zake zinazolinda majengo hayo. Msamaha huo upo hadi leo, lakini una sharti: utaratibu wa ndani wa kanisa uwe mkali sawa na ule wa serikali. Wakatoliki, Wamethodisti, Wabaptisti na wengine wachache wanao msamaha kama huo na taratibu zao. Kwa Wakatoliki, kwa mfano, kila dayosisi hutegemea kamati ya makanisa ya kihistoria. Kwa hiyo anayedai kwamba chansela ni masalio ya zama za kati yanayopaswa kufutwa ajue kwamba akifutwa, ombi la viti halitafutika naye. Litahamia tu dawati la ofisa wa halmashauri, ambaye pengine haoni tofauti kati ya madhabahu na meza. Na ikiwa mabadiliko yanagusa nje ya jengo, ruhusa ya mipango miji kutoka halmashauri inahitajika vilevile, juu ya kibali cha chansela.

Sasa tuyatazame mabenchi yenyewe, maana imani potofu nyingi zimejificha hapo. Ya kwanza ni kwamba mabenchi yana umri wa kanisa. Katika zama za kati waumini wengi walisimama au kupiga magoti. Palikuwa na vibaraza vya mawe kandokando ya kuta kwa ajili ya wazee na wagonjwa. Mabenchi ya mbao yalienea zaidi katika karne ya 15, na katika kaunti za Somerset, Devon na Suffolk bado yapo ya wakati huo yenye ncha zilizochongwa wanyama, malaika na watu. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, yaani mageuzi ya Kiprotestanti ya karne ya 16, mahubiri yaliporefuka, familia zenye uwezo zilijijengea vijumba vya mbao vyenye kuta na mlango ndani ya kanisa, na sehemu nyingi zikakodishwa kwa mwaka, huku maskini wakiachiwa nyuma au pembeni. Karne ya 19 ndiyo iliyoviondoa vijumba hivyo na kupanga mistari ya mabenchi ya wazi yanayotazama mashariki, na mabenchi mengi ambayo leo huitwa ya kale ni hayo. Yaani yaliyopo yalikuwa mageuzi ya viti katika zama zake, na mbao za watangulizi wake zilitupwa au zikageuzwa kuwa paneli za ukutani.

Kaa kwenye benchi mojawapo la enzi ya Malkia Victoria ulikague. Pembeni, kwenye ncha inayotazama njia ya katikati, huenda ukakuta namba iliyopakwa rangi au kibati kidogo, kumbukumbu ya siku za kukodisha. Chini ya namba hiyo mara nyingine pana kishikizo cha chuma cha mwavuli, na sakafuni kisahani cha kudakia maji yanayochuruzika, kwa kuwa waliolipanga walijua hali ya hewa ya nchi yao. Mguu wako haukanyagi jiwe bali jukwaa la mbao lililoinuka kidogo kuliko njia ya vigae, na chini ya jukwaa hilo mara nyingi kuna udongo mtupu.

Udongo huo ndio unaoeleza kwa nini jambo linaloonekana dogo huwa kubwa. Benchi lililofungwa sakafuni ni sehemu ya jengo kisheria. Likiondolewa na jukwaa lake, kanisa hubaki na mashimo marefu kati ya njia za vigae, na lazima sakafu mpya imwagwe au ilazwe. Katika kuilaza, wachimbaji wanaweza kukutana na mawe ya makaburi au mifupa ya wanaparokia wa karne zilizopita, na mtaalamu wa mambo ya kale akahitajika kusimama hapo. Bomba la kupasha joto lililopita chini ya mabenchi nalo linatafuta njia nyingine. Ombi la viti, kwa hiyo, mara nyingi ni ombi la sakafu, la joto na la fedha, na halmashauri ya parokia ambayo haikuhesabu hayo hujikuta na kibali mkononi na mfuko mtupu.

Imani nyingine potofu ni kwamba viti huongeza nafasi. Si lazima. Benchi hubeba watoto waliobanana na bibi mwenye mkoba wake. Kiti kina mipaka yake, na huhitaji nafasi mbele na nyuma. Kile viti vinachoongeza ni uhuru wa kupanga: duara la maombi siku ya Jumatano, chakula cha wazee siku ya Alhamisi, sehemu ya kiti cha magurudumu iliyo katikati ya watu na si nyuma karibu na mlango. Hoja hii ya mwisho ina nguvu ya pekee, kwa kuwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka wanaotoa huduma kwa umma wafanye marekebisho yanayostahili kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Kuhusu aina ya kiti, wasomaji wa kwetu watashangaa. Huku Afrika Mashariki kanisa likipata viti vyenye sponji na kitambaa chekundu huhesabiwa limeendelea. Baraza la kitaifa la majengo ya Kanisa la Uingereza linashauri kinyume: viti vya mbao, visivyo na kitambaa, katika majengo ya kihistoria. Sababu zake zimefungamana na matumizi ya kila siku, kwa kuwa kitambaa hushika madoa ya kahawa na nta ya mishumaa, huchakaa kabla ya mbao, humeza sauti ya kuimba, na rangi yake huvuta macho kutoka kwenye jengo. Huo ni mwongozo, wala si sheria. Chansela mmoja ameweza kuruhusu viti vya kitambaa pale mwingine alipokataa. Binafsi naona baraza liko sawa kuhusu sauti na linatia chumvi kidogo kuhusu rangi, lakini mwombaji anayetaka sponji inampasa aeleze kwa nini ushauri huo usifuatwe, na kusema tu kwamba waumini wanaumwa migongo hakutoshi ikiwa hajajaribu kuwakalisha kwenye kiti kizuri cha mbao.

Hapo tumefika kwenye kiini cha sheria. Chansela haulizi kama viti ni bora kuliko mabenchi. Anauliza nani alete uthibitisho, na wa kiasi gani. Kanuni ya msingi ni kwamba mambo hubaki yalivyo mpaka anayetaka kuyabadili aonyeshe sababu. Mzigo uko begani mwa mwombaji, wala anayetaka mabenchi yabaki hana wajibu wa kuthibitisha uzuri wake. Kwa kanisa lililoorodheshwa, hatua za kupima sababu hiyo zilipangwa mwaka 2012 na Mahakama ya Arches, mahakama ya rufaa ya jimbo la Canterbury, katika shauri la kanisa la St Alkmund, Duffield, huko Derbyshire. Shauri lile lilihusu kuhamishwa kwa kizuizi cha mbao kilichotenga mahali pa madhabahu, na rufaa ya waombaji ilikubaliwa, lakini maswali yaliyotokana nalo ndiyo yanayoongoza karibu kila hukumu ya mabenchi tangu hapo.

Kwanza huulizwa kama mabadiliko yatadhuru thamani ya jengo kama kazi ya usanifu au historia. Jibu likiwa hapana, inabaki kanuni ile ya kawaida ya mambo kubaki yalivyo, na hiyo hupinduliwa kwa sababu ya wastani. Jibu likiwa ndiyo, chansela huenda mbele na kuuliza madhara ni makubwa kiasi gani, kisha kama hoja ya kufanya mabadiliko ni ya wazi na yenye kushawishi, na mwishowe kama manufaa kwa umma, yakiwemo ya ibada, uchungaji na uinjilisti, yanazidi madhara hayo. Mfikirie muuza nafaka sokoni na mizani yake. Kila jiwe la madhara linaloongezwa upande mmoja linadai jiwe zito zaidi la manufaa upande wa pili, na kwa majengo ya madaraja ya juu ya uorodheshaji, madhara makubwa huruhusiwa kwa nadra sana. Mabenchi ya kiwandani ya mwaka 1880 yaliyonunuliwa kwa katalogi hayana uzito sawa na yale yaliyochorwa na msanifu mashuhuri kwa ajili ya kanisa hilohilo, pamoja na mimbari na dari yake. Ndiyo maana makanisa mawili jirani yanaweza kupeleka maombi yanayofanana na kupata majibu tofauti, jambo ambalo waumini hulitafsiri kama upendeleo.

Upande wa manufaa nao si wa kupuuzwa. Sheria ya kanisa ya mwaka 2018 inamtaka kila anayehusika na utunzaji wa majengo haya azingatie nafasi ya kanisa kama kituo cha ibada na utume mahali lilipo. Chansela, kwa maneno mengine, si mlinzi wa makumbusho, na maombi mengi yaliyoandaliwa vizuri hukubaliwa, yote au kwa sehemu.

Kuandaa vizuri kunaanza mapema. Parokia huandika maelezo mawili: moja la thamani ya jengo, likieleza kila kitu ni cha lini na kina umuhimu gani, na la pili la mahitaji, likieleza tatizo liko wapi na kwa nini njia nyepesi zaidi haitoshi. La pili ndilo linaloangusha wengi, kwa kuwa huandikwa kwa maneno ya jumla kama tunataka kanisa la kisasa, pale ambapo chansela anataka kujua ni ibada ipi, siku ipi, ya watu wangapi, iliyoshindikana kwa sababu ya benchi lipi. Baadaye kamati ya ushauri hutembelea kanisa, na taasisi za hifadhi huulizwa maoni. Kwa mabenchi ya karne ya 19 jina utakaloliona mara nyingi ni Victorian Society, chama kilichoundwa mwaka 1958 kulinda majengo ya enzi hiyo. Ndipo ombi rasmi hupelekwa na karatasi ile ya siku 28 ikabandikwa. Mashauri mengi huamuliwa kwa maandishi. Likifika kusikilizwa, mara kwa mara chansela huketi ndani ya kanisa lenyewe, akizungukwa na mabenchi yanayobishaniwa.

Si kila kitu hupita njia hii ndefu. Kanuni zina orodha ya mambo madogo yasiyohitaji ruhusa ya mtu, mathalani mito ya kupigia magoti, na orodha ya pili ya mambo yanayotosha kwa barua ya achidikoni. Achidikoni pia anaweza kutoa leseni ya majaribio kwa muda maalumu, mistari michache ya mabenchi isogezwe ili watu waone, mradi hakuna kinachokatwa na kila kitu kinaweza kurudishwa. Naitaja leseni hii kwa msisitizo kwa sababu inatumika kidogo kuliko inavyostahili: miezi ya majaribio hutoa ushahidi ambao maneno ya mkutano hayawezi kuutoa.

Kinachoharibu mambo ni kutenda kwanza. Parokia iliyouza mabenchi yake bila ruhusa inaweza kuomba kibali cha baadaye, lakini chansela halazimiki kukitoa kwa sababu tu kazi imekwisha, na ana uwezo wa kuamuru vitu virudishwe kwa gharama ya waliovitoa. Jambo hili linayahusu pia makundi ya Waswahili yanayoazima kanisa la parokia kwa ibada ya alasiri. Ruhusa ya kasisi ya kutumia jengo si ruhusa ya kufungua skrubu za benchi la mbele ili kupata nafasi ya kwaya.

Anayetaka kuandika barua ndani ya zile siku 28 ana njia mbili: kuwa mhusika kamili wa shauri, au kuomba barua yake izingatiwe tu na chansela. Wengi hutosheka na ya pili. Kwa vyovyote vile, kuunga mkono au kupinga kwa kuhesabu mikono hakusaidii sana. Barua inayosema kwamba mjane fulani hushikilia ncha ya benchi ili asimame ina uzito kuliko saini 200. Na hata kibali kikitolewa huja na masharti: picha za mabenchi yote zihifadhiwe, mistari miwili mitatu ya yaliyo bora ibaki, ndugu wa waliotoa mabenchi ya ukumbusho watafutwe kabla ya mauzo, msanifu asimamie sakafu. Mwishoni mwa hati huandikwa muda ambao kazi lazima iwe imekamilika, na ukipita kabla ya kiti cha mwisho kuwekwa, kasisi hurudi kwa chansela yuleyule kuomba muda zaidi.